Wanafunzi 18, walimu 3: kuliandaa kundi la shule kutoka Moshi hadi Ujerumani

Tuchukue kundi la kawaida: wanafunzi 18 wa kidato cha tatu na walimu 3, shule ya Moshi au Arusha yenye shule rafiki Ujerumani, siku 14, mwezi Juni. Idadi ya walimu ina sababu yake. Mwanafunzi mmoja akilazwa hospitali, mwalimu mmoja hubaki naye na wawili huendelea na kundi. Wakiwa walimu wawili tu, siku hiyo mtu mmoja atajikuta na watoto 17 katikati ya kituo cha treni. Na kama kuna wasichana kundini, angalau mmoja wa walimu awe mwanamke. Hilo halina mjadala.

Napendelea Juni kwa sababu kwetu ni likizo wakati kule shule bado zinasoma. Likizo za kiangazi za Ujerumani hupishana jimbo kwa jimbo, na za mapema huanza kuelekea mwishoni mwa Juni. Kidato cha tatu kwa sababu cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwisho wa mwaka, na mzazi anayelipa ada hataki kusikia habari ya ndege mwaka huo.

Majina, herufi kwa herufi

Kazi ya kwanza haigusi begi kabisa, na ianze Oktoba ya mwaka uliotangulia. Weka mezani cheti cha kuzaliwa cha kila mwanafunzi, rejista ya shule, na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha baba na mama. Linganisha herufi kwa herufi. Huku kwetu Kilimanjaro majina ya ukoo yana tahajia mbili mbili: Shayo na Shao, Kimaro na Kimario, Mushi na Moshi. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza kama Shao, cheti kinasema Shayo, na jina la kati shuleni ni Elia ilhali NIDA ya baba inasema Elias. Nyumbani ni mtu yule yule. Kwa afisa wa viza ni watu watatu.

Marekebisho ya cheti hufanyika RITA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi na vifo. Tofauti ndogo mara nyingi humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, na jina likitofautiana kabisa huhitajika hati ya kubadili jina. Yote hayo hula wiki, wala hayaharakishwi kwa kumpigia mtu simu. Ndiyo maana nasema Oktoba.

Jina likishakaa sawa kwenye cheti, pasipoti hufuata cheti. Tiketi, bima, barua ya mwaliko na fomu ya viza hufuata pasipoti. Mnyororo huu hukatika mara nyingi kwenye barua ya mwaliko, kwa sababu mwenyeji kule huandika majina kutoka kwenye orodha ya zamani ya WhatsApp yenye "Glory M." na "Baraka mrefu". Tuma orodha moja tu, iliyochapwa kwa herufi kubwa kutoka ukurasa wa picha wa pasipoti, yenye namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa ambayo mwezi umeandikwa kwa neno. Orodha za zamani zifutwe, maana ikiwepo mbili, ile yenye makosa ndiyo itakayotumika.

Pasipoti huombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha mnakwenda na mtoto ofisi ya mkoa mkiwa na fomu iliyochapwa na vyeti halisi. Gharama ni shilingi 150,000. Aliye chini ya miaka 18 lazima awe na ridhaa ya mzazi au mlezi wa kisheria. Kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya Ujerumani na nchi za Ulaya zilizoungana nayo, pasipoti inapaswa kuwa hai walau miezi 3 baada ya siku ya kutoka huko, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Sharti hili huwanasa walimu zaidi kuliko wanafunzi. Za watoto zote ni mpya. Ya mwalimu kiongozi imebakiza miezi miwili, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Ridhaa ya wazazi

Wazazi wote wawili watie saini mbele ya wakili, na nakala za vitambulisho vyao ziambatanishwe. Kama mmoja amefariki, weka cheti cha kifo. Kama mama amemlea mtoto peke yake na baba hajulikani alipo, au mtoto analelewa na bibi Marangu huku wazazi wote wako Dar, jueni mapema: bibi aliyemlea mjukuu miaka 15 bado si mlezi wa kisheria mpaka mahakama iseme hivyo. Kesi za namna hii ndizo zinazoburuza kundi zima. Zishughulikieni kabla ya kulipia kiti chochote.

Barua ya ridhaa itaje tarehe za kwenda na kurudi, nchi zote mtakazopita, jina na namba ya pasipoti ya mwalimu kiongozi, ruhusa ya matibabu pamoja na upasuaji wa dharura, na ruhusa ya kuogelea, ndiyo au hapana. Kuogelea kwaweza kuonekana jambo dogo, lakini Juni kule watoto huenda kwenye bwawa wakitoka tu shule, na familia ya mwenyeji itauliza. Asiyejua kuogelea aandikwe hivyo waziwazi.

Toa nakala halisi tatu zenye mhuri: moja ubalozini, moja kwa mwalimu, moja kwa mwanafunzi. Hizi mbili za mwisho zikae kwenye begi la mkononi. Afisa wa uhamiaji anaweza kuitaka pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na barua iliyo ndani ya sanduku ambalo limeshapita kwenye mkanda ni sawa na barua ambayo haipo.

Viza

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi wa kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45. Kama mnaondoka 9 Juni, pelekeni maombi katikati ya Aprili: hata wakichukua siku 45 zote, mtapata majibu mwisho wa Mei. Anayesubiri Mei anacheza kamari na pesa za wazazi.

Ada ya ubalozi ni yuro 90 kwa mtu mzima. Jambo ambalo shule nyingi hazilijui ni kwamba wanafunzi, pamoja na walimu wanaofuatana nao kwa ajili ya masomo au mafunzo, husamehewa ada hiyo kwa mujibu wa kanuni ya viza yenyewe. Kwa watu 21 huo ni mzigo mkubwa unaoondoka. Lakini barua ya shule na mwaliko lazima viseme lengo ni masomo, na viambatanishwe na ratiba ya vipindi na miradi. Barua ikiandika "matembezi", mmejifungia mlango wenyewe. Maombi yakipitia kituo cha kupokea maombi, malipo ya huduma ya kituo ni kitu kingine na yanaweza kubaki.

Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na ifunike kila siku ya kukaa. Nunua yenye siku tatu za ziada mwishoni. Ndege ikiahirishwa hamtabaki bila bima. Mwenyeji akibeba gharama, huenda akatakiwa kusaini ofisi ya wageni ya mji wake tamko linaloitwa Verpflichtungserklärung. Mwambieni Februari, kwa sababu ofisi hizo nazo zina foleni.

Kila mwenye miaka 12 na zaidi anapaswa kufika mwenyewe Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole. Aliyetoa alama kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 anaweza asirudie. Ombeni siku moja kwa kundi zima, safirini siku moja kabla, mlale. Kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na basi la alfajiri halina huruma na miadi ya mchana. Picha ni milimita 35 kwa 45, mandhari nyuma ni ya rangi nyepesi. Msitumie picha zilizobaki za pasipoti.

Saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Hapa ndipo watu wenye akili timamu hukosa ndege. Tiketi ikisema 03:40, tarehe 9 Juni, maana yake ni saa 9:40 usiku wa kuamkia tarehe 9. Mzazi akisoma "tarehe 9" anamwandaa mtoto aondoke tarehe 9 jioni, na ndege ilikwisha kuruka tangu alfajiri. Mwingine anaiona 03:40 na kusema saa tatu na dakika arobaini.

Hesabu kinyumenyume. KIA mfike saa 3 kabla, yaani saa 6:40 usiku. Kutoka Moshi au Arusha ni mwendo wa takriban saa moja, pamoja na kuchepuka pale njia panda. Ongeza nusu saa ya tairi. Tangazo kwa wazazi lisitaje ndege kabisa. Liseme: "Tarehe 8 Juni, saa 4:30 usiku, getini shuleni, mtoto akiwa ameshakula." Ndege ni kazi ya mwalimu.

Juni Ujerumani iko saa moja nyuma yetu. Jua huzama kwenye saa 3:30 usiku kwa hesabu ya Kiswahili, na mtoto aliyezoea kwamba giza ndilo linalomtuma kulala hatalala. Wanafunzi Waislamu wajue mapema kwamba Magharibi na Isha zitasogea mbali sana usiku.

Begi

Tiketi nyingi zinaruhusu kilo 23 za sanduku, na kilo 7 au zaidi kidogo mkononi; soma yako, maana kila shirika lina namba zake. Mimi naweka kikomo cha kilo 15 na sikisogezi. Kule mtapanda treni, ngazi ni nyingi, na kubadili treni kunaweza kuwa dakika sita. Kila mtoto abebe lake, kwa sababu mwalimu ana mikono miwili tu. Kipimo changu ni rahisi: alipandishe ghorofa mbili bila kulitua. Sanduku tupu lisizidi kilo 3.5, yale magumu ya kuazima kwa shangazi hufika 5 kabla hujaweka hata soksi.

Mabegi yote yapimwe shuleni siku nne kabla, kwa mizani ya kuning'iniza, na yafunguliwe. Siku nne zinatosha kutoa vitu, na hazitoshi kwa mama kuongeza vingine.

Kitu cha kwanza kutolewa huwa jaketi la mlima. Mzazi amesikia Ulaya kuna baridi, akaenda kuazima kwa wapagazi wa Kilimanjaro koti la manyoya la kulalia Kibo. Juni Ujerumani mchana ni nyuzi 20 hadi 25, asubuhi kwenye 10 hadi 13, na mvua huja bila kubisha hodi. Mtu wa Machame amezoea baridi ya namna hiyo Julai kwao. Kinachotakiwa ni fulana, sweta, na koti jepesi la mvua lenye kofia, vivaliwe kimoja juu ya kingine na kuvuliwa hivyo hivyo.

Koti la mvua zuri linapatikana mitumba ya Memorial kwa bei ndogo, lakini ligeuzwe ndani nje kwanza. Makoti ya zamani utando wake wa ndani hubanduka kama magamba, hasa mabegani na kwenye mishono; hilo litavuja hata likionekana jipya kwa nje. Mwaga maji kidogo begani, ngoja dakika mbili, pitisha mkono ndani. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Zaidi ya hapo: chupi 7, soksi jozi 6, fulana 5, suruali 2 zisizo jinzi zote mbili (jinzi ikilowa haikauki kesho), vazi moja la heshima, nguo za kulalia, nguo ya kuogelea, kandambili. Idadi ni ya wiki moja, kwa sababu kila familia ina mashine ya kufulia. Kitenge kipya kifuliwe mara mbili kabla ya safari, maana kikitupwa kwenye mashine ya mwenyeji kitachuja rangi kwenye mashuka meupe ya watu. Kanga mbili zinafanya kazi ya taulo, shuka, mtandio na mto wa ndegeni. Wavulana nao wabebe, hawatakufa.

Viatu visiwe vipya. Vianze kuvaliwa wiki tatu kabla, kwa sababu wanafunzi watatembea kuliko walivyotegemea, na lengelenge la siku ya pili huharibu wiki. Jozi nzito ivaliwe ndani ya ndege.

Soketi za Ujerumani ni za matundu mawili ya duara, na plagi zetu nyingi ni za pini tatu bapa. Umeme ni volti 230 kote kuwili, hivyo adapta ya kawaida inatosha. Mwalimu abebe adapta moja na ekstensheni ya nyumbani, simu nne zichajiwe kwa mpigo. Pawabenki ni marufuku kwenye sanduku. Ikae mkononi, isizidi Wh 100. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita. Ile isiyo na maandishi yoyote ubavuni iachwe nyumbani, kwa sababu ukaguzi ukitaka kujua uwezo wake hutakuwa na jibu.

Vimiminika vya mkononi ni mililita 100 kwa chombo, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonekana wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo: chupa ya 200 iliyobaki robo inatupwa. Mafuta ya nywele, jeli, asali na siagi ya karanga vyote ni vimiminika machoni pa mkaguzi.

Zawadi zinazopita na zisizopita

Nyama na maziwa vya aina yoyote haviingii Umoja wa Ulaya kwenye begi la msafiri. Hiyo ni pamoja na jibini, samli, mtindi na nyama iliyokaushwa, hata ikiwa vipande viwili vya mtoto kula njiani. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo parachichi na maembe yabaki. Lakini yapo matano yaliyosamehewa: nanasi, nazi, tende, durian na ndizi. Mchagga anaruhusiwa kuingia na ndizi zake. Kama zitafika zikiwa na sura ya ndizi ni suala jingine.

Zawadi yangu kwa kila familia ni kahawa iliyokaangwa, pakiti ya gramu 250, na kanga moja. Ni nyepesi, haivunjiki, na kanga ina maneno yatakayowapa cha kuzungumza mezani. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu, ndani ya sanduku, kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa soksi. Vinyago vya mpingo sawa. Makombe ya baharini, matumbawe, pembe, ngozi na manyoya ya wanyama pori visiguswe hata kama vinauzwa waziwazi. Vina sheria kali pande zote mbili. Rungu na mkuki mdogo wa Kimasai vitazuiliwa begi la mkononi, kwa hiyo visinunuliwe kabisa.

Afya

Dawa za kila siku zikae mkononi, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Mwenye pumu awe na vifaa viwili vya kuvuta dawa (inhela), kimoja kwake na kimoja kwa mwalimu. Mwenye selimundu ni lazima aonane na daktari wiki kadhaa kabla: hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mwinuko wa hadi mita 2,400, oksijeni hupungua, na baridi na kukosa maji huchochea maumivu. Wengi husafiri salama, ila kwa mpango, maji mengi na bima inayojua hali yake. Mzazi anayeficha jambo hili asije akaachwa kwenye safari anamweka mtoto hatarini.

Homa yoyote kule, na hata wiki za mwanzo baada ya kurudi, mwalimu amwambie daktari sentensi moja: "Tumetoka Tanzania, pimeni malaria." Daktari wa mji mdogo wa Ujerumani atawaza mafua kwanza.

Waislamu na Wasabato waandikwe kwenye fomu ya chakula kwamba hawali nguruwe, na ielezwe hivyo hivyo, pamoja na soseji. Chakula cha jioni katika nyumba nyingi ni mkate na vitu baridi. Wanafunzi waambiwe mapema, wasidhani wamenyimwa.

Siku yenyewe

Kila begi lifungwe kipande cha kitenge kimoja na namba, 1 hadi 21. Kwenye mkanda wa mizigo watoto wawili huokota, mmoja anasoma namba, kundi linamalizika dakika tano. Wavae sweta ya shule. Utawaona kutoka mbali.

Pasipoti kila mtu ashike yake kwenye foleni, kisha mwalimu azikusanye baada ya kila ukaguzi. Pamoja nayo mwanafunzi awe na karatasi moja: anuani ya mwenyeji, simu ya mwalimu, tarehe ya kurudi. Afisa wa mpakani atamuuliza yeye, na "muulize mwalimu" ni jibu baya.

Fedha za matumizi ziwe noti za yuro 5, 10 na 20, kwenye bahasha yenye jina, zitolewe kwa awamu. Wazazi wapewe ujumbe mmoja kwa siku, saa ileile, kutoka kwa mwalimu mmoja. Wakizoea kupokea kumi, siku ya ujumbe mmoja watapiga simu ubalozini.

Kurudi, begi liwe na nafasi ya kilo 5, kwa sababu wenyeji nao wana zawadi. Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, isiachwe nyumbani eti Ujerumani haiulizi. Ujerumani kweli haiulizi, lakini mkirudi kupitia nchi yenye homa ya manjano kama Ethiopia na mkakaa huko zaidi ya saa 12, Tanzania inaitaka. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu Julai 2016 ni ya maisha, kwa hiyo mwalimu aliyechanjwa zamani hahitaji sindano nyingine hata kama kadi yake imeandikwa miaka 10.